Nilivyomlilia Pita wa Fleti Namba Tisa Akiwa Hai

Andika kama ninavyosema, Nafula, wala usilainishe neno lolote kwa sababu mimi ni babu yako. Mimi, mzee wa miaka sabini na mitano, niliyeongoza chama cha kuzikana pale mtaa wa Langas, Eldoret, kwa miaka ishirini na mitatu, nilimfanyia matanga mtu aliye hai, mchana kweupe, mbele ya watu zaidi ya sitini, na yeye mwenyewe akaja akatukuta tukimlilia. Watu wakifika hapo hucheka, nami huwaacha wacheke, maana hapo panachekesha kweli. Pasipochekesha ni kwamba siku hiyo hiyo palikuwa na mwanamke aliyekuwa akiamua kama atabaki kuishi kati yetu au ataondoka, na mimi ndiye niliyemwamulia bila kuombwa.

Nianze na namna nilivyofika mahali ambapo mtu huishi bila kukanyaga udongo. Langas nilikuwa na ploti yangu, nyumba ya mabati ya vyumba vitatu, ua wa miti, kuku, na jirani kila upande, na ingawa wengine wao walikuwa watu wabaya (yupo mmoja aliyekula kuku wangu wawili kisha akaja kunisaidia kuwatafuta), hakuna hata mmoja ambaye sikujua amelala wapi na ameamkaje. Ukikohoa asubuhi, kabla ya saa nne mtu ameshasimama uani akiuliza kama umemeza dawa. Nyanya yako alipofariki, mama yako Rose akasema siwezi kubaki peke yangu, akanichukua, akanipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu ya fleti huku Kimumu, akanionyesha kitanda, bafu na dirisha. Dirishani niliona paa za watu. Mtu anayelishwa na mtoto wake hana neno la kusema juu ya dirisha.

Milango miwili inatazamana katika ghorofa yetu, wetu namba nane na wa pili namba tisa. Katika namba tisa waliishi Waholanzi wawili, mume na mke. Mume aliitwa Pita, mrefu, mkavu wa maneno, kazi yake ilikuwa kutengeneza mitambo katika kiwanda kimoja cha maziwa. Mke aliitwa Ineke. Yeye hakuwa na kibali cha kazi, kwa hiyo alishinda ndani. Kiswahili alikuwa amejifunza Pwani kabla ya kuja huku, na kila tulipokutana kwenye ngazi alisimama wima kama mtoto wa darasani, akasema, “Shikamoo, babu,” salamu ambayo sisi wa Eldoret huisikia redioni tu, nami nikaitikia, “Marahaba,” nikapita. Hayo ndiyo maneno yetu yote kwa mwaka mmoja na nusu. Kuyahesabu leo kunaniuma.

Jambo jingine nililijua baadaye, lakini nitalisema sasa ili msikilizaji asipotee. Watu hawa wawili walikuwa wakigombana juu ya mahali pa kuishi. Pita alitaka nyumba ya peke yake kule Elgon View, yenye ukuta, bustani, tangi lake la maji na mbwa. Ineke alitaka fleti. Alisema kwenye fleti anasikia watoto wakishuka ngazi, ananusa vitunguu vya watu vikikaangwa, anajua kwamba hayuko peke yake duniani. Pita alikuwa na sababu zake, na haki ya Mungu zilikuwa sababu nzuri. Ya kwanza ni maji: pampu iliharibika mara kwa mara, na kwa siku nyingi hayakupanda hata tone hadi ghorofa ya tatu. Ya pili ni Mwenyekiti.

Mwenyekiti wa wapangaji anakaa ghorofa ya nne, juu ya namba tisa kabisa. Zamani alikuwa mkimbiaji, na sasa amenunua mashine ya kukimbilia ndani ya nyumba, na kila siku saa kumi na moja alfajiri huipanda, akakimbia juu ya dari ya watu, du, du, du, du, kwa saa nzima. (Mji mzima huu umejaa barabara ambazo wageni wanavuka bahari kuja kukimbia juu yake, lakini yeye anakimbilia sebuleni.) Pita aligonga dari kwa fagio. Mwenyekiti akaongeza mwendo. Pita akapanda juu, wakafokeana mpaka milango yote ikachungulia. Mwenyekiti akamwambia, “Wewe kama unataka kimya, nenda ukalale makaburini!” Kumbukeni maneno hayo yalitoka kinywani mwa nani.

Basi Pita akachoka, akakodi ile nyumba ya Elgon View, akahamia huko yeye mwenyewe kwanza. Mkewe akabaki fleti, akikataa. Wakakubaliana kwamba Jumamosi moja Pita angekuja na pikapu kuchukua vitu vilivyobaki, na siku hiyo Ineke angeingia garini au angebaki, na neno lingekuwa limekwisha.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Mimi niliona tu, na nilichokiona nakisema kwa mpangilio.

Kwanza, mume hakuonekana kwa wiki mbili. Pili, siku ya Alhamisi vijana walishusha viti na meza kutoka namba tisa. Kwetu sisi mtu akifariki, viti vinatoka ndani, nyumba inabaki wazi ili waombolezaji wapate pa kuketi na akina mama walale na mfiwa. Kiti kinachotoka sebuleni bila sherehe kina maana moja tu. Tatu, asubuhi ya Ijumaa nilikutana na Ineke kwenye ngazi, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upara, hakuna hata unywele mmoja, na macho yamevimba kwa kulia. Kwetu mjane hunyolewa. Nilisimama, nikashika ukuta. (Alikuwa amenyoa kwa sababu ya maji, Nafula, pampu ilikuwa imeharibika tena. Nywele zake zilikuwa ndefu, siku kumi na moja hazijaoshwa, akachukua mkasi, kisha wembe, kwa hasira. Lakini nani angefikiria hivyo?)

Nikamwambia, “Pole sana, binti yangu.”

Akasema, “Asante, babu. Ni vigumu.”

Nikavua kofia, naye akashuka.

Nne, nilipofika chini getini, kwenye ule ubao wa matangazo palikuwa na karatasi mpya. Karatasi ilikuwa na picha ya Pita. Ameketi, mikono juu ya magoti, anatazama mbele bila kutabasamu, picha nyeusi na nyeupe, na chini yake maandishi makubwa na tarakimu za simu. Mimi sikusoma. Baba yangu alinipa ng'ombe badala ya shule, na kwa miaka sabini nimeficha jambo hilo mbele ya wageni kwa kutazama karatasi kwa muda unaofaa kisha kutikisa kichwa. Askari wa geti alikuwa ameketi hatua nne kutoka kwangu, kijana mwenye adabu, angenisomea kwa pumzi moja. Nilitazama karatasi kwa muda unaofaa. Nikatikisa kichwa. Nikaondoka.

Huo ndio uamuzi. Ni mdogo hivyo tu. Kila kilichofuata kilitoka hapo.

Mama yako alikuwa Kisumu kwa mafunzo ya wauguzi, wewe ulikuwa chuoni, nami nikajiambia kwamba habari za msiba hazisemwi kwa mtu aliye safarini. Nikarudi chumbani, nikaketi, na ile kazi yangu ya miaka ishirini na mitatu ikaniamka mwilini. Nikaona aibu kwa niaba ya jengo zima. Mtu amefariki, viti vimetoka, mjane amenyolewa, tangazo limebandikwa, na hakuna moto, hakuna wimbo, hakuna hata kikombe cha chai. Watu wanapita na mifuko yao wakienda kuosha magari. Nikasema moyoni, hawa wa fleti ni wanyama. Nikachukua simu, nikabonyeza picha ya Mama Fridah, anayeongoza akina mama wa chama chetu.

“Kuna msiba,” nikamwambia. “Huku kwangu. Jirani yangu mzungu.”

“Mzungu?” akashtuka. “Na wao wanafanyiwa matanga?”

“Kwani wao wakifa huwa wanabaki?”

“Pole, Mzee, sikusema vibaya. Na mwili uko mochari gani?”

Hapo ningeweza kusema sijui. Lakini kiongozi wa chama hakosi jibu, kwa hiyo nikamwambia, “Mwili utakuwa umeshasafirishwa kwao. Ndiyo maana hatukuona gari.” Tazama jinsi mtu anavyojijengea uongo, tofali kwa tofali, kisha anauingia na kuketi.

“Mjane yuko na nani?”

“Yuko peke yake.”

Mama Fridah akasema, “Haiwezekani. Kesho saa nane tuko hapo.”

Na walikuwa hapo. Chama chetu hakijawahi kuchelewa. Jumamosi saa nane kasoro walifika na hema, viti vya plastiki, masufuria mawili makubwa, majani ya chai, maziwa, tangawizi, karai la mandazi, na kipaza sauti cha kanisa. Askari wa zamu ya Jumamosi hakuwa yule wa Ijumaa. Alituzuia getini.

“Nani amekufa, Mzee?”

“Yule wa namba tisa.”

Akavua kofia polepole. “Haki! Na mwezi jana tu alinigombeza juu ya geti.” Akatufungulia milango yote miwili, akashika nguzo ya hema yeye mwenyewe, tukalisimamisha katikati ya uwanja wa magari. Gari lililokuwa ndani halikuweza kutoka na lililokuwa nje halikuweza kuingia.

Ineke hakuwepo, alikuwa ameenda sokoni. Nikaona ni heri, akute kila kitu tayari. Nikatandika leso nyeupe juu ya meza. Nikabandua ile karatasi yenye picha kwenye ubao, nikapanda kwetu, nikatoa picha ya mama yako ya kuhitimu kwenye fremu yake ya dhahabu, nikaitia ile karatasi mahali pake, nikakunja maandishi yote nyuma ili uso wa marehemu ubaki peke yake, nikaiweka mezani kati ya maua mawili. Nilisimama nikaitazama kazi yangu, nikaridhika. Namwomba Mungu anisamehe, niliridhika.

Wapangaji walianza kutoka. Hao ambao hawakuwahi kunisalimia walitoka mmoja mmoja, wakasimama kando, mikono nyuma. “Nani?” “Wa namba tisa.” “Yule mrefu? Alikuwa mgonjwa?” “Presha, nasikia.” Sikuwahi kutaja presha. Neno hilo lilizaliwa lenyewe pale pale, na baada ya dakika kumi lilikuwa limenirudia mimi, nikalipokea, nikatikisa kichwa.

Saa tisa Ineke akafika kwa bodaboda, kikapu mkononi, kichwa chake cheupe kinang'aa juani. Akina mama walipomwona wakapaza sauti, wakamwendea kwa pamoja, wakampokea kikapu, wakamkumbatia, kumi na tano kwa wakati mmoja. Mwenye bodaboda akageuza pikipiki akakimbia. Nilimtazama Ineke usoni. Alishangaa, akatazama hema, akatazama viti, akatazama sufuria la chai, akatazama milango ya fleti ambayo yote ilikuwa wazi, na watu wote nje. Kisha akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mwili mzima, mpaka Mama Fridah akamshika asianguke.

“Lia, mama, lia,” akamwambia. “Usijizuie. Tuko na wewe.”

“Sikujua,” akasema Ineke. “Sikujua kama mnanijua.”

“Tunakujua, mama. Wewe ni wetu.”

Wakamketisha mbele kabisa, mama mmoja huku, mama mmoja huku, wakampa chai. Akanywa. Wakaimba, naye akajaribu kufuata kibwagizo, midomo yake ikitafuta maneno. Ile meza yenye picha ilikuwa pembeni kwake, nyuma ya akina mama waliosimama, hakuiona. Nikamwendea kama kiongozi, nikapiga goti moja mbele yake, maana ndivyo inavyopasa. Akanishika mikono yote miwili, akaniambia kwa kunong'ona, “Babu, nimeamua. Siendi. Pita akija nitamwambia, siendi. Nitakaa hapa na nyinyi.”

Nikasikitika sana. Nimewaona wajane wengi wakizungumza juu ya waume zao kana kwamba wako njiani wanarudi. Nikamwambia, “Kaa, binti yangu. Hakuna wa kukuondoa.”

Alicheka huku analia. Uso ule wa wakati ule ninaujua kwa moyo.

Kisha Mwenyekiti akaingia getini. Alikuwa amesafiri tangu Jumatano, karatasi ya ubaoni hakuiona, akakuta hema uwanjani na watu wake wote wamevua kofia. Akauliza, akaambiwa. Nilimwona akigeuka kijivu, nadhani alikumbuka yale aliyosema juu ya makaburi. Akaomba kipaza sauti, na nani angemnyima?

“Ndugu zangu,” akasema, “marehemu na mimi tulikuwa tunakaa kama ndugu wa tumbo moja.”

Nyuma yangu mtu akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

“Hatujawahi kukosana hata siku moja. Alikuwa mtu wa amani. Alikuwa mtu wa kuvumilia. Mara nyingi alfajiri nikiwa kwa mazoezi, yeye huko chini alikuwa ananipigia dari, pa, pa, pa, kunitia moyo.”

Ineke akaniinamia. “Babu, marehemu ni nini?”

“Ni mtu aliyekufa.”

“Nani amekufa?”

Kabla sijamjibu, honi ililia getini, na pikapu nyeupe ikaingia mpaka ilipozuiliwa na hema, na Pita akashuka.

Wimbo ulikuwa umekwisha, Mwenyekiti alikuwa anasema, “Na hata sasa ni kama tunamwona,” na kipaza sauti kikabaki mdomoni bila neno. Mama Fridah alipiga kelele, “Ashindwe!” na akina mama wa safu ya nyuma wakatimka, karai la mandazi likamwagika, mzee mwenzangu mmoja ambaye magoti yake hayajakunjika tangu mwaka juzi akaingia chini ya meza kwa wepesi wa kushangaza. Askari wa geti alisimama kwa mkao wa saluti. Pita akatembea katikati ya viti mpaka kwenye ile meza, akachukua fremu ya mama yako, akaitazama, akafungua mgongo wake, akaikunjua karatasi yote na maandishi yake, akaiinua watu waione.

“Hii ni kochi,” akasema. “Mimi nauza kochi.”

Kumbe alikuwa ameketi juu yake ili wanunuzi waone ukubwa.

Kisha kutoka nyuma sauti ya mtu mmoja, sijui nani mpaka leo, ikauliza, “Sasa hilo kochi ni bei gani?” na uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Wakacheka wa Langas, wakacheka wa fleti, wakashikana mabega watu ambao hawakuwa wamewahi kusalimiana. Hata Mwenyekiti alicheka, kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu ilimfaa. Wawili tu hawakucheka, Ineke na mimi; hata Pita alitabasamu, kwa uchungu, kama mtu aliyethibitishiwa jambo.

Ineke alikuwa bado ameketi, kikombe mkononi. Alinitazama mimi. Hakuwa na hasira. Aliuliza polepole, akichagua kila neno, “Kwa hivyo watu hawa hawakuja kwa ajili yangu?”

Mama Fridah, ambaye ni mkweli na ukweli wake hauna mto wa kuulalia, akasema, “Mama, tulikuja juu ya msiba.”

“Msiba hakuna.”

“Hakuna, mama. Mungu asifiwe.”

“Ndiyo,” akasema Ineke. “Mungu asifiwe.”

Pita akamwambia mambo kwa lugha yao. Sikuelewa neno hata moja, lakini mkono wake niliuelewa: ulionyesha hema, ukaonyesha dirisha la ghorofa ya nne, ukaonyesha Mwenyekiti, ukatuonyesha sisi, ukanionyesha mimi. Ineke akaweka kikombe chini ya kiti. Akafungua leso ambayo akina mama walimfunga mabegani, akaikunja vizuri, akamrudishia Mama Fridah. Akapanda ngazi. Alishuka na mifuko miwili. Watu walikuwa bado wanacheka, wanaokota mandazi. Akaingia garini upande wa abiria, akafunga mlango, na hema letu likasogezwa ili wapite.

Ya baadaye nayasema kwa ufupi. Yule askari wa Jumamosi alifukuzwa kazi. Nilikwenda kumtetea na sikusikilizwa. Mwenyekiti alitoa barua ya kupiga marufuku mikusanyiko, nyimbo na mahema katika uwanja, na mama yako aliporudi alinisomea kwa sauti, mstari kwa mstari, kisha akaikunja, hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliona fremu yake tupu mezani, akauliza tu, “Baba, kwa nini hukumwomba mtu akusomee?” Langas walinipa jina, Mzee Mfufuaji. Wenye bodaboda wa stendi wakiniona hupiga kelele, “Mzee, mimi nikilala tu usiwaite watu na masufuria!” Nimewazoea. Uongozi wa chama niliuacha mwenyewe kabla hawajapata aibu ya kunitoa.

Baada ya miezi minne nilikwenda Elgon View. Wewe ndiwe uliyenipeleka, Nafula, kwa hiyo unajua kama nadanganya. Ukuta ulikuwa mrefu kuliko watu wawili, juu yake nyaya za umeme, mbwa wakabweka mpaka mlango mdogo ukafunguliwa nusu. Alikuwa yeye. Nywele zilikuwa zimeota, fupi, kama za mvulana. Hakusema shikamoo.

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, nikayasema yote, ya viti, ya kichwa, ya karatasi, na kwamba mimi sijui kusoma. Ni mara ya kwanza kumwambia mgeni jambo hilo. Alisikiliza, mkono kwenye mlango.

“Hapa maji yako mengi,” akasema mwishowe. “Kuna bustani. Asubuhi ni kimya kabisa. Pita analala vizuri.”

“Na wewe?”

Akatazama nyuma, kwenye ile bustani. “Babu, tulikaa mlango kwa mlango mwaka mmoja na nusu. Mimi niliogopa, sikujua desturi. Wewe unajua desturi. Kwa nini hukubisha hata siku moja?”

Nilitafuta jibu nikiwa nimesimama pale, wewe pembeni yangu, mbwa wakinguruma. Jibu la kweli sikuweza kulitamka mbele yake, lakini nalitamka hapa: kumtembelea mtu aliye mzima hakukuwa kazi yangu. Nilijua viti vya msiba vinapangwaje, chai ya msiba inapikwaje, goti linapigwaje mbele ya mjane. Nilikuwa nimemngoja afiwe ndipo niende kwake, na aliponichelewesha, nikamfiwisha.

Alinipa mkono kupitia lile pengo la mlango. Hakutukaribisha ndani. Miezi miwili baadaye nilisikia kwamba amerudi kwao peke yake na mume amebaki na mbwa.

Basi nimeapa, na uandike kiapo hiki kwa herufi za kusomeka: sitamlilia tena mtu ambaye sikumsalimia akiwa mzima, na karatasi nisiyoijua nitampa mtu anisomee hata kama ni mtoto mdogo. Ni kiapo kigumu kwa umri wangu. Namba tisa imepata wapangaji wapya, mume, mke na mtoto mchanga, wametoka mbali pia, sijui ni nchi gani. Jana baada ya chai nilivaa koti, nikavuka zile hatua tatu, nikabisha. Ndani nilisikia redio ikipunguzwa sauti, kisha kimya, na hakuna aliyefungua. Nilisimama kwa muda, nikataja jina langu kwa mlango, nikarudi.

Kesho nitabisha tena.